Brusela, Maji au Baridi Yabisi?

Saa kumi na moja alfajiri, Kitengela, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kabla makanga hawajaanza kuita abiria wa Athi River, kuna mwanamke anayeamka mapema kuliko kazi inavyomdai. Anahitaji saa nzima ya kufungua vidole. Anavitumbukiza kwenye karai la maji moto, anavikunja na kuvikunjua, mpaka ngumi ikubali kufumba. Bila hivyo hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, sembuse kusukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani kiwandani kutwa nzima.

Namjua mwanamke huyo kwa sababu shangazi yangu alikuwa vivyo hivyo. Katika mwaka mmoja alitibiwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, mara tatu, kila mara dawa za wiki sita, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Siku mtu alipomshika vidole hatimaye na kuviminya, vilikuwa vimeshalala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Havikunyooka tena. Naandika haya nikiwa naiona mikono ile, na sijifanyi kuwa sina upande.

Kiswahili kimetupa jina moja: baridi yabisi. Ni jina la utabibu wa kale uliofika pwani pamoja na elimu ya Waarabu, utabibu uliogawa miili na maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kitu kikavu, kigumu. Leo jina hilo linabeba goti la bibi lililolika kwa umri, linabeba jongo, na linabeba ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kuvamia viungo vyake, ambao madaktari huuita rumatoidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa nao. Huo ndio ninaoujadili hapa, pamoja na jamaa zake wa karibu.

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe. Nimezikusanya kwenye foleni za hospitali, kwenye duka la dawa na kwenye matatu ya Namanga, nikaweka hoja za watu wengi katika kinywa kimoja kimoja. Swali lililowakutanisha ni hili: mtu mwenye viungo vilivyovimba Kajiado anahitaji utafiti, au anahitaji dawa?

MSHONAJI: Nianze mimi, maana mikono ni yangu. Vilianza vidole vya kati, kulia na kushoto kwa pamoja, kama vimeambiana. Nikaenda duka la dawa, nikapewa tembe za aina tatu ndani ya bahasha ya kaki. Kesho yake nilifua nguo za nyumba nzima, nikasema nimepona. Tembe zilipoisha, maumivu yakarudi na riba. Nikanunua tena, na tena. Mwezi wa tatu uso ulikuwa umejaa, majirani wakasema Kitengela imenikubali. Na mimi usiku nalia kwa kushindwa kufungua chupa ya mafuta.

MWENYE DUKA LA DAWA: Dada, usinihukumu kabla hujanisikia. Ulikuja kwangu saa moja usiku, umetoka kazini, una shilingi mia mbili. Ningekwambia uende Hospitali ya Kenyatta ukaonane na bingwa wa viungo? Ungeniuliza nani atakulipa siku hiyo ya kazi. Nilikupa kitu cha kukuwezesha kuamka kesho. Ndiyo, ile tembe ndogo nyeupe ilikuwa prednisoloni, najua ilivyo. Lakini hapa mjini mimi ndimi ninayekuwa wazi wakati wewe umeshatoka kazini.

AFISA WA KLINIKI: Na hapo ndipo tunapopoteza watu. Prednisoloni inafukia moto kwa majivu. Moshi unapungua, mgonjwa anashukuru, na chini kaa linaendelea kula gegedu na mfupa. Ukiitumia kiholela miezi kadhaa, sukari inapanda, shinikizo linapanda, mifupa inakuwa dhaifu, na huwezi kuiacha ghafla maana mwili umeshasahau kutengeneza yake. Huo uso uliojaa, dada yangu, haukuwa unene. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote katika ugonjwa huu. Mgonjwa akianzishwa dawa inayotuliza kinga mapema, kiungo kinaweza kubaki na umbo lake. Akichelewa, tunatibu maumivu tu. Kilichoharibika hakirudi.

MZEE MFUGAJI: Daktari, mimi natoka upande wa Bissil. Kwetu mtu akisema viungo vinauma, anatoka jasho usiku, mgongo haunyooki, tunajua ni brusela. Hatuhitaji kwenda Nairobi kuambiwa. Tumekunywa maziwa mabichi tangu utoto, na yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, ambayo Kimaasai tunayaita kule naoto, hayachemshwi. Mbuzi akitupa mimba, ni sisi tunaomsaidia kwa mikono. Kwa nini mnaitilia shaka brusela yetu?

AFISA WA KLINIKI: Hakuna anayeitilia shaka, mzee wangu. Brusela ipo, na Kajiado ipo kwa wingi. Mwaka 2012 na 2013 walipimwa watu na mifugo katika kaunti tatu, Kajiado, Kiambu na Marsabit. Kwa jumla watu 16 katika kila 100 walikutwa na kingamwili za brusela, na mifugo 8 katika kila 100. Nyumba yenye mnyama aliyeambukizwa, uwezekano wa watu wake kuwa na alama hizo ulikuwa mara 6 ya nyumba isiyo naye. Lakini sikiliza neno lenyewe: kingamwili. Ni nyayo za mgeni aliyepita. Zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Kwa hiyo mama aliyewahi kuugua zamani, akija leo na vidole vilivyovimba, kipimo kitasema brusela, na vidole vyake vina shida nyingine kabisa.

MTAFITI: Tena kipimo chenyewe kina walakini. Kile cha haraka, cha tone la damu na tone la dawa kwenye kigae, ambacho maabara nyingi za mtaani zinacho, kilichunguzwa magharibi mwa Kenya na matokeo yakachapishwa 2017. Ilionekana kinawabandika brusela watu wengi sana wasiokuwa nayo. Watu hao wanameza doksisaikilini na rifampisini wiki sita. Rifampisini ni dawa tunayoitegemea kwa kifua kikuu. Tunaichezea, na wakati huo huo vifundo vinaendelea kuliwa.

Hapa niingilie, kwa sababu jambo hili ndilo lililomla shangazi yangu. Tofauti kati ya magonjwa haya mawili haihitaji mashine ya mamilioni ili kuanza kuonekana. Brusela hupenda viungo vikubwa: nyonga, goti, mgongo wa chini, na huja na homa inayopanda na kushuka. Rumatoidi huanza mara nyingi na viungo vidogo vya mikono na nyayo, pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi unaopita nusu saa. Maabara inaweza kufanya kipimo cha rumatoidi, lakini nacho huweza kuwaka kwa mtu mwenye kifua kikuu au maambukizi mengine ya muda mrefu, maradhi ambayo sisi tunayo. Kwa hiyo tunarudi kwenye mkono wa mgonjwa ndani ya mkono wa mpimaji.

MZEE MFUGAJI: Mmesahau maji.

MSHONAJI: Maji gani, baba?

MZEE MFUGAJI: Ya visima virefu, binti yangu. Tazama meno ya vijana wetu, yana rangi ya chai. Tuliambiwa ni floraidi. Sasa nina ndugu ambaye shingo haigeuki, kiuno hakiinami, na hana brusela wala nini. Maji yakimwagwa kwenye birika mwaka mzima yanaacha utando mweupe. Nani ameniuliza habari ya maji nikiwa hospitali? Hakuna hata mmoja.

AFISA WA KLINIKI: Una haki ya kulalamika. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu wa Bonde la Ufa na kandokando yake vinapita hapo. Ukinywa kwa miaka mingi, floraidi inaingia kwenye mfupa, mfupa unanenepa, kano zinakuwa ngumu kama mawe, uti wa mgongo unakakamaa. Na watu wanachemsha wakidhani wanayasafisha. Ukichemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo unaikoleza.

MTAFITI: Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo utafiti unapotuhusu. Vigezo vinavyotumika duniani kumtambua mgonjwa wa rumatoidi ni vya 2010, vilivyoandaliwa na vyama vya mabingwa wa Marekani na Ulaya. Sharti lake ni kwamba uvimbe wa kiungo usiwe unaelezwa vizuri zaidi na ugonjwa mwingine. Mifano waliyoitoa ni lupasi, jongo, ugonjwa wa viungo wa soriasisi. Ni mifano sahihi kwao. Daktari wa Stockholm hana haja ya kuuliza kisima kina urefu gani, wala nani alimzalisha mbuzi. Wa Kajiado anayo, lakini mwongozo alionao mkononi haumkumbushi.

MWENYE DUKA LA DAWA: Basi andikeni mwongozo wenu. Kinachowazuia ni nini?

MTAFITI: Idadi. Tazama fomu ya muhtasari ambayo kila kituo cha afya hujaza mwisho wa mwezi. Brusela ina mstari wake. Maumivu ya viungo, yote, ya kila aina, yana mstari mmoja. Goti la bibi, jongo, rumatoidi, mgongo wa floraidi: mstari mmoja. Sasa nenda kaombe kaunti bajeti ya dawa ya ugonjwa usio na mstari.

Nilipofahamu jambo la fomu ile nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nadhani tofauti kati yetu na wenye nacho inaanzia kwenye dawa ghali. Inaanzia nyuma zaidi. Shangazi yangu alihesabiwa mara tatu kama mgonjwa wa brusela, na hakuhesabiwa hata mara moja kwa ugonjwa uliomlemaza. Aliingia kwenye takwimu za taifa kwa uongo, na uongo huo ukaenda kusaidia kuonyesha kwamba Kajiado shida ya viungo ni brusela.

MSHONAJI: Sawa, nimesikia mistari. Lakini niulize kwa unyenyekevu. Kila mwezi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mtu wa utafiti akija, ataniomba damu, ataniomba nijaze karatasi, atanipa soda, ataondoka. Mimi nitabaki na karai langu. Huo utafiti unanipa nini?

MZEE MFUGAJI: Hata mimi. Damu yetu imechukuliwa, na ya ng'ombe wetu. Majibu wanayapeleka wapi, sijui. Mtu akikopa ng'ombe kwangu, hata kama anakawia, huja kuniambia habari zake. Hawa hawarudi.

MTAFITI: Nakubali aibu hiyo, mzee, wala siitafutii kisingizio. Lakini nikueleze kinachotokea tusipokuwemo. Lupasi, ndugu wa karibu wa rumatoidi, inawashika wanawake weusi wa Marekani kwa wingi na kwa ukali kuliko weupe. Uchambuzi mmoja wa majaribio ya dawa za lupasi, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba watu weusi walikuwa asilimia 43 ya wagonjwa, lakini asilimia 14 tu ya walioshiriki majaribio. Mwaka 2011 ikaidhinishwa belimumabu, dawa mpya ya kwanza ya lupasi kwa zaidi ya miaka 50. Watu weusi walikuwa wachache kwenye majaribio yake kiasi kwamba haikujulikana vizuri kama inawafaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka jaribio jingine kwa ajili yao. Wagonjwa 448 waliingia kwenye uchambuzi wake, na matokeo yakachapishwa 2022: waliopewa dawa walipata nafuu zaidi kidogo kuliko waliopewa dawa bandia, lakini tofauti haikufikia lengo lililowekwa. Miaka 11 ilipita. Hao ni watu wanaoishi nchi iliyotengeneza dawa. Sisi tuko wapi?

AFISA WA KLINIKI: Nami niongeze la darasani. Nilifundishwa kwamba lupasi inachora kipepeo chekundu usoni. Picha zote zilikuwa za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu ule haupo hivyo. Ni weusi uliokolea, zambarau, pengine kovu tu. Ni wangapi wamepita mbele yangu wakaondoka na mafuta ya fangasi? Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alitoa na walimu wake kijitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Mwanafunzi ndiye aliyeuliza mbona hatufundishwi hivi. Sisi tulio na ngozi hizo mbele yetu kila siku hatukuuliza.

MWENYE DUKA LA DAWA: Lakini dawa hizo za sindano za ghali hata zikija, nani atazinunua?

AFISA WA KLINIKI: Nyingine sina haraka nazo. Kuna zile zinazozuia kinga kwa nguvu kiasi cha kukiamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Nchi ambayo kifua kikuu ni cha nadra, hilo ni tahadhari ya pembeni. Kwetu ni swali la kwanza. Ninayoitaka mimi ni methotrekseti, ya zamani, ya bei nafuu, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inamezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku inaweza kumuua. Haifai kwa mjamzito, na inataka damu na ini vipimwe mara kwa mara. Kwa hiyo siwezi kukuachia uiuze kwenye bahasha ya kaki. Lakini nikifundishwa, na maabara ikiwa na vitendanishi, naweza kuisimamia hapa hapa Kitengela. Bingwa wa Nairobi amwone mgonjwa mara moja, anirudishie na barua.

MTAFITI: Na kufundishwa kunawezekana. Mradi ulioitwa UWEZO, ulioshirikisha Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Anthony Woolf wa Uingereza, ulitayarisha wakufunzi wa hapa Kenya, nao wakawafundisha wahudumu wa ngazi za chini kupima viungo. Uelewa wao na kujiamini kwao kulipanda. Hawakuhitaji kujengewa hospitali mpya.

MSHONAJI: Bado hujanijibu. Utafiti unanipa nini?

Nadhani jibu lake liko ng'ambo ya mpaka, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko ugonjwa ni mwingine, ingawa ni wa ukoo huu: homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo la mtoto, ikahamia kwenye viungo, kisha ikatafuna vali za moyo. Watafiti waliwapima mioyo watoto 102,200. Waliopatikana na dalili za mwanzo kabisa, ambazo mtoto mwenyewe hazihisi, wakaingia katika jaribio: 818, wenye miaka 5 hadi 17. Nusu wakachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa tu. Kwa waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, kwa wengine, asilimia 8.2. Matokeo yalitoka 2021 katika jarida kubwa la udaktari la Marekani.

Dawa ile ni kongwe na ya bei nafuu. Swali lilikuwa la Gulu, watoto walikuwa wa Gulu. Ili watoto wapimwe ilibidi mashine ya kupima moyo ipelekwe shuleni, na ili wachomwe kila wiki nne ilibidi muuguzi ajulikane kwa jina. Hakuna aliyeweza kusema utafiti unaishia hapa na matibabu yanaanzia pale. Ndiyo sababu nasema swali nililoanza nalo, utafiti au dawa, nililiuliza vibaya. Kajiado inaweza kuanza na kitu kidogo kuliko Gulu: daftari moja katika kila chumba cha wagonjwa wa nje, Kitengela, Isinya, Namanga, Loitokitok na hospitali ya rufaa ya kaunti, lenye safu nne. Vidole vimevimba pande zote mbili? Asubuhi vinakaa muda gani kabla ya kulegea? Maji unayokunywa yanatoka wapi? Maziwa unachemsha? Mgonjwa anayeulizwa hayo ameshaanza kutibiwa vizuri kuliko alivyotibiwa shangazi yangu, na hapo hapo ameshahesabiwa.

MWENYE DUKA LA DAWA: Na mimi mnipe daftari.

AFISA WA KLINIKI: Wewe?

MWENYE DUKA LA DAWA: Mimi. Nani anawaona kabla yangu? Mtu akinunua tembe zile mara ya pili kwa mwezi mmoja, nimwandike, nimlete kwako. Ila nawe uwe na kitu cha kumpa, asirudi kwangu akinitukana.

MZEE MFUGAJI: Mimi nitaleta maji kwenye chupa. Ya kisima chetu na ya jirani.

AFISA WA KLINIKI: Dada, nipe mkono. Huo wa kulia. Ulegeze.

Anaushika kama mtu anayesalimia, kisha anahamisha vidole vyake mpaka vinazunguka vifundo vinne vya mshonaji, pale kidole kinapoota kwenye kiganja. Anaminya kutoka pande mbili, taratibu, kwa nguvu ya kuminya chungwa ambalo hutaki lipasuke. Mshonaji anavuta mkono kabla hajajua kwamba ameuvuta.

AFISA WA KLINIKI: Asubuhi, muda gani?

MSHONAJI: Saa nzima. Siku za baridi, zaidi.

AFISA WA KLINIKI: Maji?

MSHONAJI: Nanunua ya lori. Kisima gani, sijawahi kuuliza.

AFISA WA KLINIKI: Utamuuliza mwenye lori. Maziwa?

MSHONAJI: Ya pakiti. Daktari, unaandika nini hapo?

AFISA WA KLINIKI: Haya uliyonijibu. Na barua ya kwenda Kenyatta.

MSHONAJI: Basi andika na mtaa ninaokaa, na kwamba Jumapili huwa niko nyumbani. Mkija na majibu msinikose.